TUNAKATWA PESA ZA HOSPITALI: TUMSIKILIZE MCHUMI ALIYEHESABU WAGONJWA



Tangu mwezi wa Oktoba 2024 kila mtu aliyeandikwa kazi katika nchi hii hukatwa Shs. 2/75 katika kila Shs. 100/- za mshahara wake. Hesabu hufanywa juu ya mshahara mzima, si juu ya kile kinachobaki. Pesa hizo huenda katika Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii, unaoitwa SHIF, nao mfuko huo umo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, ile ambayo watu wote huiita SHA.

Katika matawi yetu, kutoka mashamba ya maua ya Naivasha mpaka Njoro, Molo na viwanda vya hapa Nakuru, hakuna neno linaloulizwa zaidi ya hili. Wako wasemao tumeibiwa. Wako wasemao tumesaidiwa. Walio wengi hawasemi kitu, kwa sababu hawakuelezwa. Kuuliza si ujinga, na chama kisichojibu maswali ya wanachama wake ni chama cha nini?

Basi twataka kutoa maoni yetu waziwazi. Makato haya mapya ni mepesi kwa mwenye mshahara mdogo kuliko yale ya zamani, na mtu yeyote asiwadanganye. Lakini mzigo umewekwa juu ya bega moja tu, bega la mfanyakazi, na kibarua wa msimu ameachwa mlangoni. Mambo hayo mawili yatupasa kuyapigania. Na ili tuyapigane kwa akili, si kwa kelele, yafaa kwanza tumsikilize mtu ambaye kazi yake ya maisha imekuwa kuhesabu nini humpata mgonjwa maskini anapoambiwa alipe.

MCHUMI NI MTU WA NANI?

Tunajua wengi wenu hawapendi kusikia habari za wachumi. Kila mara mwajiri anapokataa kuongeza mshahara huleta mchumi wake na vitabu vyake. Kila mara Serikali inapotaka kupunguza jambo la raia, mchumi husimama kueleza kwamba hakuna pesa. Lakini si wachumi wote waliokaa upande mmoja wa meza. Hesabu ni kama panga: inategemea nani ameishika.

Profesa Germano Mwabu ni Mkenya. Alipata shahada yake ya udaktari wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Boston, Marekani, mwaka 1984. Angeweza kuandika habari za mabenki au bei ya kahawa. Yeye aliandika juu ya watu wa vijijini Kenya, jinsi wanavyochagua mahali pa kwenda wakishikwa na ugonjwa. Baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi, akakaa pia Helsinki, Finland, katika taasisi ya utafiti wa uchumi ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa. Sura juu ya uchumi wa afya katika nchi maskini, iliyomo katika kitabu kikubwa cha rejea wanachokitumia wachumi wa maendeleo duniani kote, aliiandika yeye. Huyo ni mtu wa kwetu.

Alipoanza kazi, watu wengi waliodhani wanajua walisema hivi: maskini huenda kwa mganga kwa sababu ya ujinga, mpeni elimu ataenda hospitali. Profesa Mwabu na wenzake walikwenda Meru, wakauliza nyumba kwa nyumba. Wakakuta mambo si hivyo. Mgonjwa mmoja, kwa ugonjwa mmoja, huweza kupita milango mingi: aanze kwa dawa za dukani, aende dispensari ya Serikali, akikosa dawa aende misheni, akikosa nafuu aende kwa daktari wa kulipwa au kwa mganga. Kila mlango aupime: ni mbali kiasi gani? Ni pesa ngapi? Je, dawa iko? Umbali humzuia. Bei humzuia. Dawa zikiwapo humvuta.

Hayo, ndugu, ni maneno ambayo kila mama wa Bahati au Subukia angeweza kuyasema. Lakini mama akisema, huitwa manung'uniko. Profesa akiyaweka katika hesabu, Wizara hulazimika kusoma. Ndiyo faida ya kuwa na mchumi wa upande wetu.

MWAKA WA 1989: ADA YARUDI

Wazee wetu wanakumbuka kwamba zamani za ukoloni mtu alilipa Shs. 5/- ndipo atibiwe, na kwamba mwaka 1965 Serikali ya Uhuru iliifuta ada hiyo katika hospitali zake. Kwa miaka zaidi ya 20 maneno yalikuwa kwamba matibabu ya Serikali ni bure.

Mwezi wa Disemba 1989 ada zilirudi. Jina lake lilikuwa "kuchangia gharama". Nchi ilikuwa na deni, wakopeshaji wa nje walikuwa wakitaka Serikali ipunguze matumizi, na wataalamu wao walisema maneno mawili: kwanza, mgonjwa akilipa kidogo hospitali itapata pesa za dawa, pili, ada ndogo haimfukuzi mtu aliye mgonjwa kweli.

Profesa Mwabu na wenzake wawili walichukua madaftari ya vituo vya afya vya Serikali, wakahesabu vichwa vya wagonjwa kabla ya ada, wakati wa ada, na baada ya ada kusimamishwa. Waliyoyakuta yalichapishwa mwaka 1995. Wakati wa ada mahudhurio yalishuka kwa karibu nusu. Katika kila wagonjwa 100 waliokuwa wakija, karibu 50 hawakuonekana. Serikali ilipoisimamisha ada mwaka 1990, wagonjwa walirudi: katika miezi 7 mahudhurio ya vituo vya afya yalipanda kwa 41 kwa mia. Wengine walihama kutoka kwa madaktari wa kulipwa wakarudi vituo vya Serikali.

Na pesa zilizopatikana? Zilikuwa 2.4 tu kwa mia ya matumizi ya kawaida ya afya. Fikirini vizuri. Nusu ya wagonjwa walifukuzwa ili kupata Shs. 2/40 katika kila Shs. 100/-. Hata muuza sukuma wiki sokoni hawezi kufanya biashara ya namna hiyo.

Watafiti wengine walihesabu katika kliniki kubwa ya magonjwa ya zinaa Nairobi, wakatangaza mwaka 1992. Wakati wa ada, wanaume waliofika walikuwa 40 tu mahali pa 100 wa kwanza, na wanawake 65 mahali pa 100. Wale wasiofika hawakupona kwa kukosa pesa. Walirudi nyumbani na ugonjwa wao, katika miaka ile ile UKIMWI ulipokuwa ukienea.

Hata hivyo ada zilirudishwa polepole kuanzia 1992. Zilipunguzwa mwaka 2004, dispensari ikawa Shs. 10/- na kituo cha afya Shs. 20/-, na mwezi wa Juni 2013 zikafutwa katika dispensari na vituo vya afya vya Serikali, pamoja na ada za kujifungua katika hospitali za Serikali. Ilichukua karibu robo ya karne kwa nchi kukubali jambo ambalo hesabu zilikuwa zimelionyesha mapema.

Somo la kwanza basi ni hili: kumtoza mtu pesa siku aliyo mgonjwa ni njia mbaya kuliko zote. Siku hiyo ndiyo siku asiyofanya kazi, na ndiyo siku asiyo na pesa.

KWA NINI BIMA, NA KWA NINI YA LAZIMA

Ikiwa hatutaki kulipa siku ya ugonjwa, yatupasa kulipa siku ya uzima. Ndiyo maana ya bima. Wengi wetu tuna vyama vya kuzikana. Kila mwezi watu watoa kidogo, na akifiwa mmoja wote humsaidia. Hakuna anayelalamika kwamba mwaka umepita na yeye hakufiwa. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Lakini chama cha kuzikana kina adui wake. Ikiwa mtu aweza kuingia siku anapoona baba yake yu mahututi, na kutoka baada ya matanga, chama kitakufa. Watabaki wenye misiba tu, na msiba haulipi msiba mwingine. Mchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, aliandika juu ya uchumi wa matibabu mwaka 1963, akaeleza kwamba matibabu si kama kununua viatu: hakuna ajuaye lini ataugua, na mgonjwa hana ujuzi alio nao daktari, kwa hiyo soko peke yake halitoshi. Kwa sababu hiyo nchi nyingi zimefanya bima ya afya kuwa ya lazima, mzima na mgonjwa waingie pamoja, tajiri na maskini waingie pamoja.

Kenya ilianza mwaka 1966. Sheria iliunda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali, NHIF. Aliyekuwa na mshahara wa Shs. 1,000/- kwa mwezi au zaidi alitoa Shs. 20/-. Mwaka 1966 mtu wa Shs. 1,000/- alikuwa bwana mkubwa. Kibarua wa shambani hakuhesabiwa. Mwaka 1972 mlango ulifunguliwa kwa wenye kujitolea. Mwaka 1990 makato yakafanywa ngazi, kutoka Shs. 30/- mpaka Shs. 320/-, na hapo yakakaa kwa muda wa miaka 25. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima kwa watu wote, ulioletwa na Waziri wa Afya, Mama Charity Ngilu, lakini Rais Kibaki hakuutia sahihi. Mwezi wa Aprili 2015 ngazi mpya zikaja: Shs. 150/- kwa mwenye mshahara wa chini kabisa, na Shs. 1,700/- kwa mwenye Shs. 100,000/- na zaidi.

Tarehe 19 Oktoba 2023 Rais Ruto alitia sahihi sheria mpya. Mwezi wa Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria hiyo ina kasoro, kwamba raia hawakushirikishwa vya kutosha. Mwezi wa Septemba Mahakama ya Rufani ikazuia hukumu hiyo isitekelezwe, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi.

TUHESABU WENYEWE

Sasa tuchukue kalamu. Msimwamini anayepiga kelele, hesabuni wenyewe.

Mwenye mshahara wa Shs. 12,000/- alikatwa na NHIF Shs. 500/-. Sasa hukatwa Shs. 330/-.

Mwenye Shs. 15,000/- alikatwa Shs. 600/-. Sasa hukatwa Shs. 412/50.

Mwenye Shs. 20,000/- alikatwa Shs. 750/-. Sasa hukatwa Shs. 550/-.

Mwenye Shs. 30,000/- alikatwa Shs. 900/-. Sasa hukatwa Shs. 825/-.

Mwenye Shs. 50,000/- alikatwa Shs. 1,200/-. Sasa hukatwa Shs. 1,375/-.

Mwenye Shs. 200,000/- alikatwa Shs. 1,700/-. Sasa hukatwa Shs. 5,500/-.

Mwaona? Chini ya utaratibu wa zamani, mfanyakazi wa Shs. 15,000/- alitoa Shs. 4/- katika kila Shs. 100/-, na bwana wa Shs. 200,000/- hakutoa hata Sh. 1/-. Sasa wote hutoa sawa, Shs. 2/75 katika kila mia. Walio wengi katika mashamba yetu wamepunguziwa. Wanaolia zaidi katika magazeti ni wenye mishahara mikubwa. Hatuwachukii, kwani wengine wao ni wanachama wenzetu, makarani na walimu. Lakini si kazi ya kibarua kubeba kilio cha meneja.

Kuna jambo jingine jema. Sheria mpya ina mifuko mitatu. Mmoja ni wa matibabu ya mwanzo, katika dispensari na vituo vya afya, na huo hulipwa na Serikali, si kwa makato yetu. Wa pili ni SHIF, wa hospitali kubwa. Wa tatu, ambao nao ni wa Serikali, ni wa ajali, dharura na magonjwa mazito ya muda mrefu. Ule wa kwanza ndio unaolingana na somo la Profesa Mwabu: mlango wa karibu uwe wazi, bila ada. Wakati wowote mtu akitaka kuurudisha ule mlango wa ada, chama na kimwonyeshe zile hesabu za 1995.

KASORO YA KWANZA: MWAJIRI YUKO WAPI?

Tazameni karatasi zenu za mshahara. Katika pesa za nyumba, mfanyakazi hutoa Sh. 1/50 katika kila mia, na mwajiri hutoa Sh. 1/50. Katika pesa za uzeeni, NSSF, mfanyakazi hutoa Shs. 6/- katika kila mia mpaka kikomo cha sheria, na mwajiri hutoa Shs. 6/- vilevile. Katika bima ya afya, mfanyakazi hutoa Shs. 2/75. Mwajiri hatoi hata senti.

Je, ni nani afaidiye mfanyakazi akiwa mzima? Waridi halikatwi na mgonjwa. Chai haichumwi na mtu mwenye homa. Mwajiri hufaidi afya yetu kila asubuhi saa moja kengele inapolia.

Jirani zetu wamefanya vingine. Tanzania ilipoanzisha mfuko wake wa bima ya afya mwaka 2001, mtumishi alikatwa 3 kwa mia na mwajiri akatoa 3 kwa mia. Rwanda, katika bima ya watumishi iliyoanza mwaka huo huo, iliweka 15 kwa mia, nusu kwa nusu. Nchi hizo si tajiri kuliko Kenya.

Wachumi watatujibu, nasi twaijua hoja yao. Husema sehemu ya mwajiri mwishowe hutoka mfukoni mwa mfanyakazi, kwa sababu mwajiri huizuia katika nyongeza ya mshahara ya mwaka ujao. Hoja hiyo si ya kipumbavu. Mahali pasipo na chama, ndivyo itakavyokuwa. Lakini mahali penye chama, nyongeza haiamuliwi na mwajiri peke yake, huamuliwa mezani. Kwa hiyo hoja hiyo haivunji dai letu. Inatufundisha kwamba dai la bima na dai la mshahara yafaa yaingie katika mapatano mamoja, yasitenganishwe.

Na tena kuna hatari iliyo karibu zaidi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 34, humpa mwajiri wajibu wa kuhakikisha kwamba wafanyakazi wake wanapata dawa wanapougua, na matibabu wakizidiwa ikiwezekana, ila pale wanapotibiwa bure na Serikali au na bima iliyowekwa kwa sheria. Mashamba mengi yana zahanati kwa ajili hiyo, na zahanati nyingi zilipatikana kwa mapatano ya chama. Mwajiri akiwaambia, "Sasa mna SHA, zahanati ya nini?", msikubali. SHA hulipwa kwa pesa zenu. Zahanati iliyopatikana kwa mapatano ni ahadi yake. Asilipe deni lake kwa mfuko wenu.

KASORO YA PILI: PESA ZIMEKATWA, HAZIKUFIKA

Sheria yasema huduma za SHIF ni za mtu ambaye michango yake imelipwa mpaka sasa. Maana yake ni hii. Mfanyakazi akikatwa pesa, na mwajiri akazikalia, siku mfanyakazi atakapofika hospitali na mtoto wake, mashine itasema hajalipa. Karatasi ya mshahara itaonyesha kwamba amekatwa. Karani wa hospitali hataitazama karatasi, atatazama mashine.

Mwizi akiiba kuku wa jirani hupelekwa polisi siku hiyo hiyo. Mwajiri anayekata pesa za bima za watu 300 asizifikishe, huandikiwa barua. Sisi twaona hilo ni kosa kubwa kuliko la kuku. Mgonjwa hawezi kungoja barua ijibiwe.

KASORO YA TATU: KIBARUA WA MSIMU

Huyu ndiye ndugu yetu tunayemwogopea zaidi. Katika mashamba ya maua, kazi huwa nyingi kabla ya sikukuu ya wapendanao ya mwezi wa Februari na kabla ya siku ya kina mama ya Ulaya, kisha hupungua. Watu huandikwa miezi mitatu, hupumzishwa, huitwa tena. Katika miezi ya kazi hukatwa kama wengine. Katika miezi ya kukaa nyumbani sheria humwona kuwa si mfanyakazi, ni mtu wa kujitegemea. Nyumba ya mtu asiye na mshahara hupimwa kipato chake kwa maswali, na kiwango cha chini ni Shs. 300/- kwa mwezi. Shs. 300/- si nyingi. Lakini utaratibu ulioanza mwaka 2024 ulitaka atoe mwaka mzima kwa mara moja, yaani Shs. 3,600/- na zaidi. Mtu aliyesimamishwa kazi juzi atazitoa wapi kwa mkupuo?

Hapa somo la Profesa Mwabu larudi. Haijalishi jina la malipo. Liite ada, liite mchango, liite bima: ikiwa maskini aombwa kiasi asichoweza siku asiyo na pesa, hatakuja. Atasubiri mpaka azidiwe, kisha ataletwa amebebwa, na gharama itakuwa mara kumi. Wale 50 waliopotea katika madaftari ya 1989 walikuwa watu wa namna hii hii.

KASORO YA NNE: DAWA

Kule Meru wagonjwa walisema dawa ndizo zinazowavuta. Miaka 40 imepita, na neno ni lile lile. Mtu akikatwa pesa kila mwezi, kisha akafika hospitali akapewa kikaratasi aende kununua dawa kwenye duka la nje ya geti, amelipa mara mbili. Kadi ya bima haiponyi homa. Hata kadi ikiwa nzuri namna gani, mkono mtupu haulambwi. Hospitali isipolipwa na mfuko kwa wakati haiwezi kununua dawa, na mwishowe anayeumia ni mwenye kadi. Kwa hiyo haitoshi sisi kuuliza, "Tumekatwa ngapi?" Yatupasa tuulize pia, "Hospitali imelipwa lini?"

TUNAYOYATAKA

Maoni yetu, basi, ni kwamba chama kisidai SHA ivunjwe. Mwenye kudai hivyo na atuambie atarudi wapi: kwenye ngazi za NHIF zilizomlinda tajiri, au kwenye ada za 1989? Tudai itengenezwe. Madai yetu yawe matano:

1. Mwajiri atoe sawa na mfanyakazi katika bima ya afya, kama atoavyo katika nyumba na uzeeni.

2. Mfanyakazi aliyekatwa atibiwe kwa kuonyesha karatasi yake ya mshahara, na deni adaiwe mwajiri, si mgonjwa.

3. Kibarua wa msimu aruhusiwe kulipa mwezi kwa mwezi anapokuwa nje ya kazi, na apewe miezi michache ya kulindwa baada ya mkataba kwisha.

4. Zahanati za kazini zisifungwe kwa kisingizio cha SHA, na jambo hilo liandikwe katika kila mapatano mapya.

5. Hesabu za mfuko zitangazwe kwa raia kwa Kiswahili na kwa wazi: zimeingia ngapi, hospitali za Nakuru, Naivasha, Gilgil na Molo zimelipwa ngapi, na deni ni ngapi.

KAZI YETU SASA

Madai bila hesabu ni kelele. Profesa Mwabu hakumshinda mtu kwa sauti. Alichukua madaftari, akahesabu vichwa, na hesabu hizo zimebaki mpaka leo, wakati hotuba za siku zile zimesahauliwa. Nasi tufanye hivyo.

Kila mjumbe wa chama mahali pa kazi na afungue daftari. Aandike ni watu wangapi wamekatwa mwezi huu, na wangapi wameonekana katika mashine kwamba wamelipiwa. Kila mwanachama aweza kujitazama kwa simu yake au kuuliza katika ofisi ya SHA. Aandike ni wangapi walirudishwa hospitali, na kwa sababu gani. Aandike ni wangapi walinunua dawa nje, na kwa pesa ngapi. Asiandike jina la ugonjwa wa mtu, hiyo ni siri yake. Mwisho wa mwezi alete daftari katika tawi. Mkitupa hesabu za miezi mitatu kutoka mashamba 20, tutakwenda mbele ya waajiri na mbele ya Serikali ya Kaunti tukiwa na kitu ambacho hakuna mwanasheria awezaye kukizima.

Nanyi mlio na watoto shuleni, msiwakataze kusoma hesabu na uchumi. Waajiri wana wachumi wao. Wakopeshaji wa nje wana wao. Ni lazima wafanyakazi nao wawe na wao, watu watakaojua kusoma vitabu vya mfuko na kusema palipo na tundu.

Haba na haba hujaza kibaba, ndugu zetu, lakini kibaba chenyewe kikitoboka chini hakijai hata tukitia mpaka usiku. Sisi ndio tunaotia. Ni haki yetu kukigeuza na kukitazama.

Umoja ni nguvu.